Serge Wilondja, Kaporali Peku wa Mulongwe

Marehemu Serge Wilondja alizaliwa Ijumaa, tarehe 22 Julai 1966, huko Kiliba, karibu na mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Lusambya, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, na Mama Sangho, mkulima wa mihogo. Mimi ninayewasomea ni Faila, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Kwetu kaka mkubwa huitwa yaya, kwa hiyo mkinisikia nikisema yaya msishangae. Bwana Kuldip, aliyemwajiri marehemu hapa Walthamstow, London, na ambaye ni mzaliwa wa Kisumu, alikaa karibu mwaka mzima akidhani wazazi wetu walikuwa matajiri kiasi cha kuniwekea yaya wa kiume.

Niseme jambo moja mapema. Tangu msiba utokee watu wamenipigia simu wakiniomba wasifu huu uchekeshe. "Ukimsoma Kaporali bila vichekesho, utakuwa hujamsoma," mmoja aliniambia. Ombi hilo limenichosha. Marehemu aliombwa achekeshe harusini, kwenye ubatizo, kwenye foleni ya zahanati, hata kwenye misiba ya watu wengine, na alikuwa hawezi kukataa. Mkiona pa kucheka, chekeni. Lakini yeye mwenyewe alinipa kazi nyingine ya kufanya leo, na nitaifikia.

Alisoma shule ya msingi Kiliba kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha akaenda Uvira mjini kusomea ualimu, akapata diploma yake mwaka 1985. Shuleni alijulikana kwa kuiga sauti za watu. Siku moja, akiwa mwaka wa nne wa sekondari, alisimama mbele ya darasa akimwiga mkuu wa shule, ambaye alikuwa na desturi ya kukohoa kabla ya kutoa adhabu. Ghafla wenzake wakanyamaza. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni.

"Endelea," akasema.

Yaya akaendelea. Angefanya nini?

"Umekosea. Mimi hukohoa mara mbili," mkuu wa shule akamwambia, akampa wiki nzima ya kufyeka uwanja. Ijumaa yake akamwita ofisini, akafunga mlango, akamwomba amwigie mkaguzi wa elimu wa wilaya. Marehemu alipenda kusema kwamba siku hiyo alijifunza kuwa kila mkubwa anapenda mzaha, mradi uwe juu ya mkubwa mwingine. Ningetamani angelikumbuka somo hilo baadaye.

Mwezi Septemba 1986 alianza kufundisha darasa la tatu katika shule ya msingi huko Kasenga, Uvira. Tarehe 11 Agosti 1990 alifunga ndoa na Mauwa Bitisho, ambaye leo ni mjane wake. Siku aliyopelekwa na wazee kujitambulisha ukweni, alikaa saa mbili bila kutamka neno. Shangazi zake Mauwa wakanong'onezana kwamba msichana anaozwa kwa bubu. Wifi yangu husema, "Nilimpenda kwa utulivu ule. Baada ya mwezi mmoja akafungua mdomo, hakuufunga tena." Mungu aliwajalia watoto wawili kabla ya vita: Mlondani, aliyezaliwa mwaka 1992, na Nalukoo, aliyezaliwa mwaka 1997.

Vita ya pili ya Kongo ilipoanza Agosti 1998, marehemu aliendelea kufundisha. Mwaka uliofuata askari waliokuwa wameushika mji walikuja na ngazi, wakang'oa mabati ya shule yote, wakayapakia kwenye lori. Yaya alifundisha bila paa kwa miezi kadhaa. Wingu likitanda, anawaambia watoto wafunge madaftari na kuyaficha ndani ya mashati, kisha wanakimbilia makwao. Mvua za masika zilipofika, shule ikafa.

Hapo ndipo alipopata kazi katika redio ndogo ya jumuiya mtaani Mulongwe. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya watu waliopotezana: fulani wa mtaa wa Kimanga anamtafuta mwanawe, mama fulani yuko salama na anaomba mumewe asikie. Siku moja, mwezi Agosti 1999, matangazo yaliisha zikiwa zimebaki dakika kumi, na mtangazaji wa zamu ifuatayo alikuwa amezuiliwa njiani. Yaya hakuwa na muziki wa kuweka. Akaanza kuzungumza kwa sauti ya askari mchovu, asiye na viatu, ambaye jeshi lake limebadilishwa jina mara tatu na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Kaporali Peku alizaliwa hivyo, kwa kukosa la kufanya.

Wiki iliyofuata akamleta rafiki yake, Asende Lukogo. Huyu alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kikitazamana na redio. Asende alikuwa na sauti nyembamba ya mtu anayeomba radhi hata kabla hajakosa, akawa Msafiri. Kila jioni saa kumi na moja Kaporali alimsimamisha Msafiri kwenye bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani. Walio na umri wangu hapa wanakijua kipande hiki:

"Simama! Wewe upande gani?"

"Upande wako, afande."

"Upande wangu ni upi?"

"Mimi sijui, afande."

"Hata mimi sijui. Nilikuwa naomba unisaidie."

Watu walikirekodi kipindi kwa redio-kaseti zao na kuzinakili kaseti hadi sauti zikawa kama zinatoka kisimani. Zilisikika kwa vinyozi na kwenye baa, zikavuka ziwa hadi kambi za wakimbizi upande wa Kigoma. Askari nao walikuwa wasikilizaji. Mama yetu alisimamishwa kwenye bariyeri ya Kavimvira akiwa na mzigo wa mihogo, askari akamuuliza, "Mama, upande gani?" Mama akamjibu, "Upande wako." Askari akaangua kicheko, akampisha bila kugusa hata kipande. Nilikuwa binti mkubwa wakati huo, nilikuwepo, na ninashuhudia kwamba mzaha ule uliwapa watu pumzi. Niliwaona wanawake wa Mulongwe wakicheka huku wameziba midomo kwa khanga. Lakini wiki ile ile, askari wa bariyeri ile ile walimnyang'anya jirani yetu mbuzi wake wanne, na kicheko hakikumrudishia hata mmoja. Watu wakisimulia habari za Kaporali Peku, hilo la mbuzi huliacha.

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2002, gari la jeshi lilisimama mbele ya redio. Kamanda mmoja alitaka Kaporali na Msafiri waende kambini kwake, bondeni, wakawachangamshe vijana wake. Mwaliko wa namna ile haukuwa na jibu la hapana. Waliigiza Jumamosi, tarehe 16, kwenye uwanja wa kambi, kamanda akiwa amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki. Walianza na bariyeri, askari wakacheka. Kisha wakaingia kipande kipya. Msafiri anauliza mbona watoto wa shule wananyeshewa. Kaporali anajibu kwamba mabati ya shule yamekwenda vitani.

"Ah, kumbe!" akasema Msafiri. "Basi mimi nimeyaona! Yako juu ya nyumba ya kamanda, yanapigana na mvua!"

Askari walicheka hadi wakagonga sahani zao za bati chini. Wakataka kirudiwe, kikarudiwa. Kamanda naye alicheka. Akawapa soda, akawapa gari la kuwarudisha mjini.

Jumatatu, tarehe 18 Machi, saa nne asubuhi, askari watatu walifika kibandani kwa Asende. Alikuwa anampima mama mmoja blauzi. Walimchukua na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Yule mama alitoka mbio hadi Kimanga, ambako yaya alikuwa amekwenda kununua betri za redio, akamwambia, "Mwalimu, usirudi." Yaya hakurudi. Mchana ule alivuka mpaka kuingia Burundi kwa miguu, betri zikiwa mfukoni.

Asende Lukogo hakuonekana tena. Mauwa na Zabibu, mke wa Asende, walikwenda kambini mara tatu kumuulizia. Mara ya tatu askari wa getini aliwatambua, akafurahi. "Kaporali Peku hajambo?" aliwauliza. "Mwambieni aje turudie ile ya mabati." Mauwa alinisimulia maneno hayo mwaka ule, na hadi leo nikiyakumbuka nashindwa niyaweke wapi. Yule askari alikuwa hatanii. Alikipenda kipindi kweli.

Marehemu alikaa Kigoma mwaka mmoja na nusu, kisha akafika London tarehe 9 Novemba 2003, akaomba hifadhi. Ofisi iliyomshughulikia sitaitaja, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka kuitaja. Januari 2004 alihojiwa kwa saa tano. Alipoulizwa kazi yake ilikuwa nini hasa, akawaeleza kipindi, na ili waelewe akawaigizia kile kipande cha bariyeri, sauti zote mbili. Mkalimani alikuwa mtu mwema lakini hakutofautisha nani anasema nini. Machi ikaja barua. Iliandikwa kwamba mwombaji amekiri kuwa, alipoulizwa na askari, alisema yuko upande wao. Iliandikwa pia kwamba mwombaji ameshindwa kueleza ni vipi watu walikuwa wakicheka kila jioni katika mji anaodai ulikuwa wa hatari. Ombi likakataliwa.

Alikata rufaa, ikakataliwa. Akakata nyingine. Wakili wa kwanza alifunga ofisi, wa pili alipoteza kaseti mbili za ushahidi kati ya kumi na tatu zilizokuwa zimesalia duniani. Kwa miaka saba hakuruhusiwa kufanya kazi. Mwalimu mwenye diploma alikuwa akishinda maktaba akisoma magazeti, kwa sababu huko kuna joto. Mimi nilifika Ilford, hapa hapa London, mwaka 2009, nimeolewa, nikamkuta amekonda na ndevu zimeingia mvi. Nikamuuliza, "Yaya, wamekuambia nini safari hii?" Akajibu, "Wameniuliza upande gani." Nikacheka, halafu nikalia kwenye basi nikirudi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa tabu yake. Ukimuuliza kitu kizito alikujibu cha kuchekesha, nawe unaondoka huna habari yoyote.

Juni 2011 alipewa ruhusa ya kuishi nchini. Tarehe 17 Aprili 2012 Mauwa na Nalukoo wakamfikia. Mlondani hakuja. Katika kusubiri kule alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, na mtu mzima haingii kwa karatasi za babake. Mahojiano yale yaliyofasiriwa vibaya yalimfanya baba asimuone mwanawe tena hadi kufa. Leo Mlondani anatusikiliza kwa simu akiwa Uvira. Hakupata ruhusa ya kuja kuzika.

Mwaka 2013 alizaliwa binti yao wa mwisho, hapa London. Marehemu alimpa jina la Asende. Mauwa alilalamika kwamba hilo ni jina la mwanamume. "Hapa nani anajua?" akasema yaya. Binti huyo, ambaye leo ana miaka kumi na miwili, anasikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Babake alimwigia Kaporali mara nyingi na mtoto akaicheka sauti ile ya kuiga, lakini bariyeri ni nini hakuelewa, na marehemu hakutaka kumweleza. "Asijue," alituambia.

Kuanzia mwaka 2011 alisafisha maofisi mjini kati, na kutoka 2014 alifanya kazi na Bwana Kuldip kwenye meza yake ya mabegi na masanduku ya safari katika soko la Walthamstow. Bwana Kuldip ameniomba niseme kwamba hajapata muuzaji kama yule. Wateja walikuja kununua begi la mgongoni wakaondoka na sanduku la magurudumu. "Mimi nilimwambia, Serge, wewe uza, usifanye drama," alinieleza juzi, macho mekundu. "Lakini akinyamaza mimi ndiyo nilikuwa nauliza, Serge, leo uko mgonjwa?"

Mwishoni mwa juma alialikwa kwenye sherehe za Wakongo, Ilford, Croydon, hata nje ya London. Aliigiza Kaporali tu. Pale ambapo Msafiri alipaswa kujibu, alinyamaza na kungoja. Mwanzoni watu hawakuelewa. Baadaye ukumbi mzima ukawa unajibu kwa pamoja, "Upande wako, afande!" na kupiga makofi. Wengi mlidhani ni ufundi wa jukwaani. Nilimuuliza mara moja kwa nini asimtafute mwenzake mwingine, akaniuliza koti lake liko wapi, tunachelewa treni.

Mwaka 2017 chuo kikuu kimoja kilimwalika kwenye mkutano kuhusu ucheshi wakati wa vita. Nilimsindikiza. Alivaa suti. Wataalamu watatu walisoma mada ndefu kuhusu Kaporali Peku, wakasema alikuwa silaha ya wanyonge. Kisha bibi mmoja akamuuliza, kwa heshima, kama anaamini kwamba vichekesho viliwasaidia watu kuishi. Yaya akasogeza kipaza sauti. "Asende Lukogo alikuwa akichekesha kuliko mimi," alisema. "Muulizeni yeye." Ukumbi ukacheka. Ukacheka vizuri sana, kwa upendo. Yaya akatabasamu, akaketi. Mimi nilitaka kusimama nipige kelele. Sikusimama, na najuta.

Mwanzoni mwa mwaka huu, vita vilipoisogelea tena Uvira, vijana walianza kutumiana sauti ya Kaporali kwa simu, kipande cha bariyeri, bila jina lake wala la Asende, wengine wakiongeza picha za vikatuni. Nilidhani atafurahi. Nilimkuta jikoni amekasirika jinsi ambavyo sijawahi kumuona. "Mzaha wa mwaka tisini na tisa," aliniambia, "ukiwa bado mbichi, maana yake hatujaenda popote, Faila. Hata hatua moja."

Kuhusu ugonjwa wake, nitasema wazi ili wengine wajifunze. Alianza kuumwa tumbo katikati ya mwaka 2023. Madaktari walimuuliza, kati ya moja na kumi, maumivu yako ni ngapi. Kila mara alisema mbili. Akawachekesha, wakampa dawa za kiungulia. Mauwa alimwambia, "Baba Mlondani, sema kweli." Alisema maumivu ya kumi aliyaacha Uvira. Februari 2025, alipoanguka sokoni akiwa ameshika sanduku la mteja, ilibainika ni saratani ya kongosho, na imeshasambaa. Nimemkasirikia kwa hilo, bado namkasirikia, na Mungu anisamehe kulisema mbele ya jeneza lake.

Kuanzia Mei alihudumiwa nyumbani na Bi Time Mbarouk, muuguzi wa majumbani kutoka Pemba, anayeishi Ilford. Siku ya kwanza yaya alimpokea kwa sauti ya Kaporali: "Simama! Upande gani?" Bi Time akaweka mkoba wake chini.

"Bwana Serge," akasema, "mie nimeuguza watu miaka kumi na minane. Usinchekeshe. Nambie pauma wapi."

 Yaya akaonyesha kwa kidole, akaanza kulia. Mauwa anasema katika miaka thelathini na mitano ya ndoa hakuwahi kumuona akilia mbele ya mtu.

Baada ya hapo alizungumza. Mwezi Julai alituita mimi na Mauwa, akatuambia jambo alilokuwa amelifungia tangu mwaka 2002. Kile kipande cha mabati alikiandika yeye, kwa hasira ya shule yake, na mstari wa mwisho ulikuwa wa Kaporali. Ulikuwa wake. Gari la kamanda lilipokuja kuwaita, aliogopa. Akamwambia Asende, "Mstari wa mwisho useme wewe. Mimi nitavaa gwanda, watasema natukana jeshi. Wewe ni msafiri tu, hawatakufanya kitu." Asende akakubali, kwa sababu alimwamini mwalimu.

"Nilijua," yaya alituambia. "Msiniambie sikujua. Nilijua mstari ule ni mbaya, ndiyo maana nikampa."

 Mauwa ndiye aliyesema, "Mpigie Zabibu." Kwa miaka ishirini na mitatu yaya hakuwahi kuzungumza na mke wa Asende hata mara moja. Alituma salamu, alituma nguo, alituma watu. Sauti yake mwenyewe hakuituma. Siku ile alipiga, simu ikawa wazi sote tukisikia, akamweleza bila kuzungukazunguka.

 Zabibu akasema, "Serge, mstari ule naujua. Aliufanyia mazoezi nyumbani siku mbili, akicheka peke yake. Aliupenda. Ungemnyima angenuna."

Yaya akaanza kumshukuru. Zabibu akamkata. "Ngoja. Sijamaliza. La mstari nimelisamehe. Lakini mimi nililia peke yangu hapa Mulongwe, na mtu mmoja tu duniani angeweza kulia nami, akanikimbia. Hilo sijalisamehe bado. Na kitu kingine. Wewe ukifa utazikwa, utasomewa karatasi. Wangu hana kaburi na hakuna aliyemsomea."

"Ni kweli," yaya akasema.  Simu ilipokatika akaniambia, "Faila, siku yangu, karatasi ile iwe yetu wawili. Na mstari useme ulikuwa wa nani. Usiwachekeshe."

Waliendelea kuzungumza, yeye na Zabibu, karibu kila Jumapili hadi Septemba. Walizungumza nini, sijui. Marehemu Serge Wilondja aliaga dunia nyumbani kwake Walthamstow, Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Mauwa alikuwa amemshika mkono.

Basi natimiza nilichoagizwa. Zabibu anatusikiliza sasa hivi, ameketi na Mlondani huko Mulongwe, naye ndiye aliyenipa habari hizi.

Asende Lukogo alizaliwa Fizi mwaka 1969, mwezi haujulikani, msimu wa kuvuna mpunga. Alisoma hadi darasa la sita, akajifunza kushona kwa mjomba wake. Alifungua kibanda chake Mulongwe mwaka 1991 na kumuoa Zabibu mwaka 1993. Alishona sare za shule ya Kasenga. Alikuwa mwoga wa radi. Aliimba bila kujua kwamba anaimba. Tangu Agosti 1999 hadi Machi 2002 alikuwa Msafiri katika redio, na watu wa Uvira walimsikia kila jioni. Alichukuliwa Jumatatu, tarehe 18 Machi 2002, akiwa na miaka ipatayo thelathini na mitatu, kwa mstari ambao haukuwa wake. Familia yake inaendelea kuomba ielezwe alipolazwa. Ameacha mke na mabinti wawili.

Serge Wilondja ameacha mjane, Mauwa Bitisho; watoto watatu, Mlondani, Nalukoo na Asende; mjukuu mmoja, Uvira; ndugu wanne, nikiwemo mimi; na Bwana Kuldip, ambaye ameomba aandikwe miongoni mwa ndugu, nasi tumekubali.

Bwana awapumzishe kwa amani, wote wawili.